Kodi ya Mapema ya Bi Sikudhani

Ukame uliilamba Kibuyuni mpaka nyasi zikabaki katika bonde la Jumbe Mwinyikondo peke yake. Bi Sikudhani akamkokotea huko ng'ombe wake mmoja, mifupa mitupu.

"Jumbe, mwache ale kidogo. Atanifia."

"Humu hula ng'ombe wangu tu, bibi. Wako akale vumbi."

Sikudhani akajikuna kichwa. "Basi mpokee, awe kodi yangu ya mavuno."

"Mapema hivi? Na kodi yenyewe ni debe la mtama tu!"

"Alipaye mapema hulala usingizi. Si ulitangaza mwenyewe kwamba kilichozidi hurudishwa siku ya kodi?"

"Hurudishwa, hurudishwa," Jumbe alicheka, akijua vikongwe husahau. Akamlisha yule ng'ombe kama bibi harusi.

Mvua zikanyesha, mtama ukakomaa. Siku ya kodi, mbele ya mji mzima, Sikudhani alitua debe lake, akamshika kamba ng'ombe aliyenona kama pipa.

"Kodi yako hiyo, Jumbe. Nami nipe kilichozidi."

"Mwizi we! Ulileta mifupa!"

"Na mifupa ndiyo niliyoifuata. Wewe ndiye uliyeivisha nyama. Kama waitaka, ivue."