Nguchiro, Mbwa Wawili na Fungu la Mamba

"Mliokaa, mpo?"

"Tupo."

"Mmekula?"

"Tumekula."

"Mmeshiba?"

"Tumbo limeshiba, sikio bado."

"Basi litegeni, nilipakulie."

Hapo kale, kwenye hori la bahari linalopenya kati ya mikoko, aliishi Nguchiro. Alikuwa mdogo. Paka alimzidi kwa urefu, na jogoo alimzidi kwa sauti. Hakuwa na pembe, hakuwa na kwato, hakuwa na ndugu wa kutisha watu. Alikuwa na akili na alikuwa na marafiki watatu, na kila alipoamka alishukuru kwa vyote viwili, akianza na marafiki.

Rafiki mmoja alikuwa Kobe, mwenye mashua. Kobe hakuwa msemaji. Ukimpa habari njema alisema "Mm." Ukimpa habari mbaya alisema "Mm." Ilibidi umtazame shingo ujue ni ipi.

Marafiki wengine walikuwa mbwa wawili, dada na kaka. Bwana wao aligombana na majirani, akawapa mbwa majina ambayo majirani wangeyasikia kila alipowaita kula. Yule jike alimwita Yatakwisha. Yule dume alimwita Hayanihusu. Majirani walisikia. Mbwa wenyewe hawakuwa na ugomvi na mtu.

Masika yaliyopita mvua ilinyesha chwaa, chwaa, usiku na mchana, mpaka shimo la Nguchiro likabomoka naye akiwa ndani. Mbwa wakasikia kikohozi chini ya udongo. Wakafukua, paru, paru, paru. Wakamtoa amelowa chapachapa, wakamlaza katikati yao mpaka akakauka. Alipopata nguvu ya kusema aliwauliza awalipe nini. Yatakwisha akasema hawadai kitu. Hayanihusu akasema kuwa yeye pia hadai, lakini kwa kuwa wameulizwa, angependa siku moja apande chombo.

Hapo palikuwa na jambo. Pwani ile manahodha hawapakii mbwa. Mbwa husindikiza chombo mpaka ukingo wa maji, husimama, hutazama tanga likienda, kisha hurudi nyumbani. Baba zao walisimama hapo, na babu zao walisimama hapo. Nguchiro akaenda kwa Kobe, akamweleza. Kobe akafikiri kutwa nzima. Jua lilipokaribia kuzama akasema, "Mm. Walete."

Wakaondoka alfajiri, maji yamejaa, upepo mzuri. Kobe alishika usukani. Nguchiro alishika kamba ya tanga. Mbwa walikaa mbele kabisa, masikio yamegeuzwa nje ndani na upepo. Wakatoka horini, wakakiambaa kisiwa cha kwanza, wakakiambaa cha pili. Pomboo wakaja kuwatazama. Hayanihusu akabweka, bwe, bwe. Pomboo wakaruka, chubwi, chubwi. Akabweka tena, wakaruka tena, mpaka sauti ikamkauka. Wakashuka kwenye fungu la mchanga, wakala viazi vya nazi na ngisi mkavu, wakalala kidogo, wakapanda tena.

Yatakwisha aliweka kidevu ubavuni mwa chombo, akatazama maji. Nguchiro aliona macho yake yamelowa, akamuuliza ana nini. Akajibu kuwa ni chumvi. Nguchiro akasema kweli, leo chumvi ni nyingi, kwa maana hata yeye imemwingia.

Wakati wa kurudi, walipofika mlango wa hori, upepo ukakatika. Tii. Tanga likalegea kama kanga kwenye kamba ya kuanikia. Na maji yalikuwa yanatoka.

Ndipo likazuka gogo karibu na mashua, na gogo likafumbua macho. Alikuwa Mamba, mwenye ule mlango. Chombo kilichopita na kuku, alichukua kuku. Chombo kilichopita na mbuzi, alichukua mbuzi. Hakuwa mtu wa kuomba mara mbili. Mara ya pili aliomba kwa mkia, na chombo kilipinduka.

"Shikamoo, mjomba," Nguchiro alisema.

"Marahaba. Naona mmeniletea mbwa."

Nguchiro akasema hao si mzigo, ni wenzao, wametoka kutembea. Mamba akasema kutembea ni kuzuri, nyama inakuwa laini. Akaeleza shauri lake bila haraka. Wampe mbwa mmoja, awaache wapite. Wakikataa atapindua mashua, ale mbwa wote wawili na Nguchiro juu yao. Kobe hatamgusa, kwa sababu alishawahi kula kobe mmoja, akamkwama menoni mwezi mzima.

Kisha Yatakwisha akasogea kwa Nguchiro, akasema kwa sauti ya chini, "Nitoe mimi. Nimeshaiona bahari. Ndugu yangu bado kijana."

Nguchiro akamziba mdomo kwa mkono wake mdogo. Akatazama tanga, halina kitu. Akatazama maji, yanakwenda zake. Akatazama kamba ya nanga iliyokunjwa miguuni pake. Akainuka.

"Mjomba, wewe ni mtu wa maji," alisema. "Unajua kuwa chombo hakigawi kitu majini."

Mamba hakujua. Maisha yake yote alikuwa amekula kabla ya mgawo. Lakini ameitwa mtu wa maji, na si mtu wa maji anayeuliza desturi za maji.

"Nani asiyejua?" alisema.

Nguchiro akamkumbusha hivyo hivyo, kama mtu anayemkumbusha mjuzi. Walichopata baharini hugawanywa pwani, chombo kikishapandishwa. Nahodha ana fungu lake, chombo kina fungu lake, na mabaharia kila mmoja kwa kazi yake. Anayekuja na mdomo mtupu hupewa cha kuonja. Aliyefanya kazi kuliko wote hubeba fungu kubwa.

Mamba akatazama ndani ya mashua. Hakuona samaki, hakuona kuku, aliona mbwa. Mmoja ni mzuri, alifikiri. Wawili ni fungu kubwa.

"Kazi gani zipo?"

"Kwanza kuvuta, maana upepo umekatika."

"Ina fungu?"

"Ina fungu."

"Ni yangu."

Kobe akateremka taratibu na ile kamba, akaipitisha nyuma ya mikono ya Mamba, akaizungusha tumboni, akafunga fundo ambalo kadiri unavyovuta ndivyo linavyokaza. Ncha nyingine ilikuwa imefungwa kwenye mashua. Nguchiro akaanza kuimba, mbwa wakaitikia.

"Nani anavuta?"

"Mjomba anavuta."

"Fungu la nani?"

"Fungu la mjomba."

Mamba akavuta. Churuuu, mashua ikaingia horini. Mikoko ikapita kushoto, mikoko ikapita kulia. Mara, kwaru, ikakwama kwenye fungu la mchanga, kwa kuwa maji yalikuwa yamepungua.

"Kuna kazi ya kukwamua," Nguchiro alisema.

"Ina fungu?"

"Ina fungu."

"Ni yangu."

Akarudi nyuma, akatia bega, akasukuma mpaka mashua ikateleza. Wakafika pwani ya nyumbani. Mamba akauliza kama sasa wagawe. Nguchiro akasema kwa masikitiko kuwa bado kuna kazi ya kupandisha, lakini mjomba amechoka, wacha mbwa waifanye, nao waongezewe fungu.

"Ina fungu?"

"Ina fungu, na ni kubwa."

"Ni yangu. Mbwa wakae."

Kobe akaweka magogo chini ya mashua, Mamba akavuta. Nguchiro akaimba, mbwa wakaitikia. Kirr, kirr, mashua ikapanda mchanga. Mamba akataka kusimama. Nguchiro akamwonyesha mstari wa mwani mkavu kule juu. Leo ni bamvua, siku ya maji makuu, akamweleza. Maji yakirudi yatarudi kwa nguvu. Chombo kikiachwa chini ya mwani kitachukuliwa, na fungu la mjomba litachukuliwa nacho. Mamba akavuta mpaka kwenye mwani. Halafu kulikuwa na kazi ya kukitia kivulini, jua lisipasue mbao. Ilikuwa na fungu. Ilikuwa yake. Akavuta mpaka mashua ikaingia chini ya mvinje, na yeye mwenyewe akabaki nje ya kivuli, ulimi umelala mchangani, anahema hu, hu, hu.

"Gawa," alisema.

Nguchiro akamtazama Kobe. Kobe akatoa shingo yote.

"Mm," alisema Kobe. "Tumepata nini leo?"

Nguchiro akataja. Wamepata upepo asubuhi. Wamepata visiwa viwili. Wamepata pomboo, viazi wamekula, usingizi wamelala. Wakati wa kurudi wamepata mtu wa kuwavuta mpaka nyumbani. Hawakwenda kuvua, walikwenda kutembea, na walichopata ni matembezi.

"Na mbwa?" Mamba aliuliza.

"Mbwa ni mabaharia, mjomba. Baharia hapangwi kwenye fungu. Baharia huja kuchukua fungu."

Mamba akaruka. Kamba ikakaza, twa, fundo likambana, mashua haikusogea hata kidole. Hayanihusu alirudi nyuma ya dada yake, kisha akaona kuwa hapana haja, akarudi mbele. Mamba akageuka kutafuta maji. Maji ya bamvua yanapotoka hutoka kweli kweli. Palipokuwa na maji palikuwa na tope, na mbele ya tope palikuwa na tope jingine, na bahari ilikuwa mstari mwembamba kule yanakokomea macho. Jua bado lilikuwa kali. Ngozi yake ilianza kukakamaa.

Akavuta mara ya pili. Akavuta mara ya tatu. Akalala.

Hayanihusu akasema basi wamwache hapo hapo, kwani mtu mzima anajua njia ya kwake. Lakini Nguchiro alikuwa ameshachukua kata ya kutolea maji chomboni, anateremka kwenye dimbwi lililobaki. Akarudi, akammwagia Mamba mgongoni, pwaa. Akateremka tena.

"Huyu alitaka kutula," Hayanihusu alimwambia.

"Alitaka. Na upepo ulipokatika, nani alitufikisha?"

Hayanihusu akageuka. Akachukua kifuu kwa meno, akafuata. Wakateka na kumwaga, wote watatu, mpaka maji yakaanza kurudi. Na katikati ya kumwaga, Nguchiro akampa Mamba fungu lake. Akamshukuru kwa kuvuta. Akamshukuru kwa kukwamua. Akamshukuru kwa kupandisha, na kwa kufika kwenye mwani, na kwa kukitia chombo kivulini, jambo ambalo mabaharia wengi hulikwepa. Hakuwa akicheka. Alikuwa na marafiki wawili wazima mbele yake, na moyo umemjaa, na alitaka mtu yeyote aliyekuwa na mkono katika hilo ashukuriwe vizuri. Mamba akafumba macho. Alishapigwa mikuki, alishatupiwa mawe. Hili lilimshinda.

"Inatosha," alisema.

"Haitoshi, mjomba. Bado ile ya magogo."

Maji yalipoukaribia mwani, Nguchiro na mbwa walipanda kilimani. Kobe, asiyelika, akafungua kamba kwenye mashua. Mamba hakungoja aagwe. Akateremka na kamba yake, kwaru kwaru, chubwi, akatoweka. Kobe akatazama maji yakitulia.

"Mm," alisema. Wenzake wakateremka, wakamtazama shingo. Ilikuwa ile ya habari njema.

Tangu siku hiyo ukipita horini utamwona Mamba amelala ukingoni, kinywa wazi, kutwa nzima. Watu husema anapunga upepo. Anangoja mgawo.

Nami kisa changu nimekipandisha pwani. Mwenye magogo ayaondoe, mwenye kamba aikunje, mimi nakwenda kunawa miguu.

Na funzo lake mlichukue: fanya kazi kuliko wenzako wote, usiulize unafanyia nini, na siku ya mgawo utapata fungu kubwa kuliko wote. Msiponiamini mimi, kamuulizeni Mamba. Simameni mbali kidogo.