Nyumba ya Matofali ya Bwana Prewitt

Hapo zamani, huko Amerika, wagombea walipokuwa wakihutubia juu ya mapipa, aliishi Bwana Obadiah Prewitt, tajiri mwenye kiwanda cha glavu. Alitaka umeya, na aliichukia pombe kuliko alivyowachukia wapinzani wake.

Mwezi wa pili mto uliganda. Bwana Prewitt akaenda katikati ya barafu kuwahutubia vibarua waliokuwa wakiikata vipande vya kuuza. Akawaambia kwamba ulevi humzamisha mtu polepole. Akakita mguu kukazia neno, barafu ikapasuka, akazama yeye, tena upesi. Vibarua wakadhani ndiyo hotuba yenyewe, wakapiga makofi.

Keziah, mpishi wake, alikuwa dirishani akimenya viazi. Akaona kofia inaelea, mwenyewe hayupo. Akakimbia pekupeku kwenye theluji hadi kilabu cha pombe cha Gustav, jirani na mto. Gustav alikwisha kushtakiwa na Prewitt mara nne. Hata hivyo aling'oa mlango wa kilabu, akaulaza juu ya barafu, akatambaa, akamshika ndevu, akamvuta.

Ukingoni Prewitt hakupumua. Bi Prudence, katibu wa chama chake cha kupinga pombe, akatazama kulia, akatazama kushoto, akatoa chupa ya brandi mkobani, akammiminia kinywani. Prewitt akakohoa, akauliza dawa gani hiyo tamu. Bi Prudence akairudisha chupa mkobani.

Kwa furaha akaapa mbele ya watu: aliyemwokoa atapewa nyumba yake ya matofali pale darajani. Gazeti likakichapa kiapo.

Jumapili wakaja wote watatu. Prewitt alikuwa ametia miguu katika beseni la maji moto.

Keziah alitaka kuoka mikate ya kuuza. "Bila macho yangu, bwana, ungeonekana barafu ikiyeyuka."

Gustav alitaka kilabu kikubwa zaidi. "Kuona si kuvuta. Na mlango wangu umekwenda na mto."

Bi Prudence hakuwa na pa kulala, maana chumba chake kilikuwa cha chama. "Hawa walileta maiti ukingoni. Mimi nimefukuzwa chamani kwa sababu ya chupa ile, kwa kura zote, yako ikiwamo."

Prewitt akatazama maji ya beseni. Akimpa Gustav, umeya kwaheri. Akimpa Prudence, amekiri kuponywa na brandi. Akimpa Keziah, atajua moyoni kwamba amemchagua kwa woga. Na uchaguzi ulibaki wiki mbili.

Haya, mlioketi hapa: mmoja aliona, mmoja alivuta, mmoja alimimina. Ufunguo ni mmoja. Je, nani aliistahili nyumba ile?