Padi ya Mrisho na Mlango wa Chuma

Sogeeni karibu, na aliyeshika simu aiweke mfukoni. Hii si hadithi ya kusikiliza nusu nusu, maana mwishoni nitawauliza swali, na jibu lake mimi mwenyewe sina. Nimelizungusha kichwani mpaka nimechoka, ndiyo maana nawaletea nyinyi mhangaike nalo.

Pale Isevya, Tabora, walikuwapo watu watatu, na kila mmoja alijaliwa chake.

Wa kwanza ni Maganga, fundi cherehani. Huyu alijaliwa mikono. Akishika padi ya gemu, hata wasiompenda walinyamaza wamtazame. Adui akitokea, wewe hujamaliza kushtuka, Maganga ameshamaliza kazi.

Wa pili ni Kulwa, mwenye banda la gemu. Huyu alijaliwa kichwa. Njia aliyoipita mara moja haikumtoka tena: mlango uliofungwa, ufunguo ulioachwa juu ya kabati, ngazi iliyokatika, vyote alikuwa navyo. Mkewe akimtuma chumvi alirudi na sukari, lakini hayo ni ya nyumbani kwao.

Wa tatu ni Mwamvua, msusi, aliyekuwa na kibaraza chake ubavuni mwa banda. Huyu alijaliwa mdomo. Msicheke, si mdomo wa umbea. Ni mdomo usiojua kupamba. Ukimuuliza kama msuko umekukaa vizuri, atakwambia ulivyo. Wateja waliondoka wamenuna na wakarudi wenyewe, kwa sababu Mwamvua akisema umependeza, basi umependeza kweli. Hakuwahi kumdanganya mtu ili amfurahishe. Hilo lishikeni vizuri, tutalihitaji.

Sasa, kulikuwa na Mrisho, mchora mabango. Saluni, bucha, gereji, nusu ya maandishi ya mtaa ule yalitoka mkononi mwake. Ndiye aliyemaliza gemu la Mlango wa Chuma, sehemu ya kwanza, peke yake, kwa padi yake mwenyewe aliyoizungushia utepe mweusi wa gundi kwenye waya. Gemu lenyewe ni la kutisha. Baba anaingia kwenye hospitali iliyohamwa kumtafuta binti yake, ana tochi na risasi za kuhesabu, na humo ndani kuna kiumbe kinachoburuza ndoo sakafuni. Vijana walikiita Mama Ndoo. Ukisikia ile ndoo inakwaruza, unazima tochi na kuomba dua. Mwishoni baba anafika kwenye mlango wa chuma huko chini kabisa, na kutoka ndani mtu anabisha. Ko, ko, ko. Kisha giza. Imeisha.

Mrisho alitoka bandani siku hiyo, na tangu hapo swali lake lilikuwa moja. Anayebisha ni mtoto, au ni kile kilichomla mtoto? Aliwauliza watu akiwa juu ya ngazi anachora mabango. Aliuliza hata msibani, akafukuzwa.

Sehemu ya pili ilikawia miaka. Ilipofika Isevya, macho ya Mrisho yalikuwa yameshakwisha. Ni presha ya macho, iliyoanza kwa kumpindishia mistari ya mabango na kumalizia kwa kumfungia dunia. Daktari alimwambia kilichopotea hakirudi, na kilichobaki kinafuata. Alikuwa anatofautisha mwanga na giza, basi. Kazi hana, mke hana, na dada yake wa Sikonge alikuwa anakuja kumchukua Jumamosi ile.

Akapapasa ukuta mpaka bandani na kuwakuta wote watatu.

"Nifikisheni kwenye ule mlango," alisema. "Nijue nani alikuwa anabisha, halafu niende zangu. Atakayenifikisha, padi yangu hii nampa yeye." Kisha akageukia upande iliko sauti ya Mwamvua. "Na wewe dada, unisimulie. Uzuri wake na ubaya wake, usinifiche kitu. Siku hizi kila mtu ananiongelesha kama mgonjwa. Wewe huwezi."

"Siwezi, kaka Mrisho," alisema Mwamvua. Na kweli alikuwa hawezi. Alijisikia fahari kuombwa jambo analoliweza.

Kulwa akafunga banda kwa wateja, akateremsha turubai la mlangoni na kuongeza sauti ya runinga, ili Mrisho asipitwe.

Maganga alishika padi. Gemu hili la pili lilikuwa limenenepa kwa mapigano. Baba sasa ana shoka, ana bunduki kubwa, na maadui wanamiminika kama watu wa soko linalofungwa. Shoka likitua unalisikia mpaka begani. Mtu mwingine yeyote angekufa pale kwenye ua wa mochwari na asifike popote. Maganga alikata, akazunguka, akapiga, jasho linamdondoka kidevuni, na wakavuka.

"Vita vimetengenezwa vizuri kuliko mwanzo," Mwamvua alimwambia Mrisho. "Lakini risasi zimejaa kila droo. Zamani ulikuwa unaogopa kwa sababu huna kitu. Sasa hivi wanaotakiwa kuogopa ni hao maadui."

"Ndiyo wameharibu hapo," Mrisho alisema, na alisema kwa raha ya fundi anayesikia kosa la fundi mwenzake.

Kulwa aliongoza njia. Hili gemu la pili halikuwa na ramani, na waliolitengeneza walichoka katikati, wakaanza kurudia vyumba. Kila korido ni ileile, kitanda kilekile, pazia lilelile. Wengi walipotea humo wakaacha. Kulwa alikaa na macho yake mekundu, akisema kushoto, rudi, hiki chumba tulishakiona, ile taa iliyovunjika ilikuwa upande wa pili. Hakukosea hata mara moja, na bila yeye wangekuwa wanazunguka humo mpaka leo.

Mwamvua alisimulia. Koo lilimkauka, wateja wake walikuja wakaondoka na vichwa nusu vimesukwa. Alimwambia maji yaliyofurika wodini yamechorwa mpaka unahisi baridi ya miguu. Alimwambia baba amekuwa mpayukaji, kila akiona damu anatoa maoni, hadi hofu inakimbia. Na Mama Ndoo?

"Anatokea mno," alisema Mwamvua. "Mwanzo nilishtuka. Sasa amekuwa jirani, nakaribia kumsalimia."

Mrisho akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu macho yaanze kuondoka, na Mwamvua aliona uchungu kwa sababu alijua Jumamosi ni kesho yake. Mrisho alikuwa anaona kwa mdomo wa Mwamvua. Hakuna aliyewahi kumtegemea namna hiyo.

Wakafika. Ngazi za mwisho, maji mpaka kiunoni, na mbele yao mlango wa chuma. Mrisho aliisikia minyororo ikigonga chuma, akanyanyuka kwenye benchi.

"Ndio wenyewe?"

"Ndio wenyewe," alisema Mwamvua.

Maganga akavunja mnyororo. Mlango ukafunguka taratibu.

Sikilizeni vizuri sasa. Nyuma ya mlango kulikuwa na chumba kidogo, na kitanda kitupu. Ukutani kwa mbele kulikuwa na mlango mwingine wa chuma, umefungwa. Baba akakaa kitandani, akainamisha kichwa. Majina ya watengenezaji yakaanza kupanda. Hakuna mtoto, hakuna jibu, hakuna kitu. Waliweka mlango juu ya mlango ili wauze sehemu ya tatu.

Mwamvua alifungua kinywa aseme hivyohivyo. Akamtazama Mrisho. Alikuwa amesimama, uso ameuelekeza pembeni kidogo ya runinga, anatabasamu kwenye ukuta.

"Yupo," alisema Mwamvua. "Mtoto. Ana sweta la shule na kiatu kimoja. Alikuwa anabisha yeye. Baba yake amembeba."

Maganga na Kulwa waligeuka wakamtazama. Hakuna aliyemkatiza.

Mrisho akakaa. Machozi yalimtoka, macho yale yasiyokuwa na kazi nyingine yakafanya hiyo. "Kumbe alikuwa mtoto," alisema. "Miaka yote hiyo, alikuwa mtoto tu."

Sasa pale bandani kulikuwa na kawaida. Majina yakianza kupanda, Kulwa huzima runinga papo hapo, kwa sababu kuna watu kwenye benchi wanasubiri zamu yao. Hakuna mtu Isevya aliyewahi kuyaona majina ya gemu lolote yakifika mwisho. Kulwa akanyoosha mkono azime, kama kawaida. Maganga akamshika.

"Yaache yapite," alisema. "Leo tunamuaga mtu."

Basi yakawa yanapita, na muziki wake wa polepole. Mrisho akaiomba padi yake, Maganga akampa, akawa anaupapasa ule utepe wa gundi. "Sasa nimpe nani?" aliuliza.

"Mimi mikono imevimba," alisema Maganga. "Sisemi zaidi."

"Bila mimi ungevimba mikono palepale kwenye korido," alisema Kulwa.

"Mimi msinihesabu," alisema Mwamvua.

"Wewe ndiye wa kwanza kuhesabiwa," alisema Mrisho. "Hawa wamefika mlangoni. Wewe ndiye umenionyesha." Na akaunyoosha mkono wenye padi kuelekea kwake.

Jina la mwisho likapita. Runinga ikawa nyeusi. Na kutoka kwenye ule weusi, kwa ile sauti waliyoiongeza kwa ajili yake, ikasikika.

Ko, ko, ko.

Mkono wa Mrisho ukabaki hewani.

"Kama mtoto ameshatoka," aliuliza polepole, "anayebisha ni nani?"

Kulwa alizima runinga, akiwa amechelewa. Mwamvua alitafuta neno lolote, la kweli au la uongo, akakosa yote mawili. Mrisho alisubiri. Alisubiri kwa adabu, kama mtu anayewapa wenzake nafasi. Kisha akaiweka padi juu ya benchi, katikati yao, akatoka akipapasa ukuta. Mwamvua alimfuata mpaka mlangoni akamwita. Akajibu, "Haya, dada, tumeshukuru," kwa ile sauti ya upole wanayoitumia watu kwa mgonjwa.

Asubuhi dada yake alikuja wakaondoka. Hawajamsikia tena. Mwamvua sasa ukimuuliza kama msuko umekukaa vizuri anakupa kioo ujitazame mwenyewe. Padi Kulwa aliihamishia kwenye rafu ya banda, sasa ina vumbi, na hakuna anayethubutu kuigusa.

Wapo wanaosema ni ya Maganga, kwa kuwa bila mikono yake hakuna ambaye angefika. Wapo wanaosema ni ya Kulwa, kwa kuwa mikono isiyojua njia ni kelele tu. Wapo wanaosema ni ya Mwamvua, kwa kuwa gemu zima halikuwa na kitu cha kumpa yule mtu, yeye ndiye aliyempa, hata kama ni kwa muda wa majina kupanda. Na wapo wanaomkatalia kabisa, wanasema Mrisho alibaki na mtu mmoja tu duniani asiyemfanya mgonjwa, na siku ile akampoteza.

Mimi nimemaliza yangu. Padi iko kwenye rafu, inasubiri mwenyewe. Haya, nyinyi mngempa nani?