Salamu Tatu Jabalini

Mhesabu mwewe hasalimiwi, hungojwa. Ndivyo mama yenu alivyowaambia, nanyi mmenijia mmenuna, eti fundi Elifuraha amewadharau. Mmemkuta na mkasi juu ya kitambaa cha suti ya watu, mmemwamkia, kanyamaza. Haya, kaeni, wajukuu zangu. Wewe, acha kutingisha mguu. Methali hii ilianza hivi, hapa hapa Upareni, kwenye lile jabali mnaloliona limechomoza juu ya msitu.

Kila mwaka mvua za vuli zikikaribia, mwewe kutoka nchi za baridi hupita hapa kwetu wakielekea kusini. Si hawa wezi wetu wa vifaranga. Wale ni wageni, wakishuka ni kula panzi na panya tu. Basi palikuwa na vijana waliojitolea kuwahesabu, hawalipwi hata senti. Ukiwauliza wanapata nini, wanakwambia: mwewe wakipungua, panya ndio watakaofurahi, heri tujue mapema.

Kazi yenyewe ina namna yake. Jua likishapasha mawe, mwewe hukusanyika hewani, wakazunguka wakipanda, wakazunguka tena. Hapo usihesabu, maana utamhesabu mmoja mara tano. Unangoja mpaka wajichomoe mmoja mmoja na kuteleza kupita juu ya jabali. Hapo ndipo unapohesabu, darubini machoni, na kila wakifika kumi unatia harage moja koponi bila kulitazama. Ukigeuza shingo tu, kundi lililojikusanya asubuhi nzima limekupotea, na hakuna wa kumwomba arudi.

Mmoja wa vijana hao aliitwa Kajiru. Alimpenda Nakijwa, binti wa Mzee Senkondo, na Nakijwa naye alimpenda. Wazee wa Kajiru walikuwa waende kuposa Jumamosi. Lakini Mama Nakijwa, jamani, kwa mambo ya adabu yule mama alikuwa mkali kama pilipili. Alisikia kwamba mkwe mtarajiwa hushinda jabalini akitazama juu, akasema nitakwenda nikamwone mwenyewe. Akafunga bakuli la makande ya moto, maana hakuwa mtu mbaya, akapanda mlima.

Alimkuta Kajiru peke yake, mwenzake alishikwa na homa, na kundi kubwa ndio kwanza limeanza kupita.

"Hodi hapa!" Kimya.

"Hujambo, mwanangu?" Kimya. Harage likalia koponi, to!

"Kajiru, ni mimi, mama yake Nakijwa. Nakusalimu."

Kijana hakugeuka. Mwee! Mtu mzima aanze yeye kumsalimu mtoto, na mtoto asiitikie! Mama akabeba makande yake akashuka. Kundi lilipokwisha, Kajiru alimkimbilia hadi kwenye kona ya njia. "Shikamoo mama! Nilikusikia, mama, ila ningegeuka wangenipotea!" Mama hakugeuza hata kilemba. Jioni ile akatuma neno kwa wazee wa Kajiru: Jumamosi msijisumbue.

Nakijwa alilia sana. Kisha akafuta machozi, maana alimjua mama yake.

"Mama, umemhukumu mtu kwa kazi usiyoijua. Nenda kaifanye asubuhi moja tu. Ukirudi bado unasema alikudharau, sitamtaja tena humu ndani."

"Hata asubuhi mbili!" mama akasema. "Kutazama ndege kunamshinda nani?"

Kesho yake akapanda tena. Kajiru alimwamkia tangu mbali, hakuitikiwa. Akampa darubini, kopo na maharage, akakaa pembeni. Mama akayageuza maharage kiganjani, akasonya. "Mazuri hivi, mnayachezea badala ya kuyapika." Jua likapanda. Mwewe wakazunguka, wakazunguka, halafu wakaanza kujichomoa, na mama akaanza kuhesabu, midomo ikimchezacheza.

Mara akatokea Mzee Senkondo, anahema. Mkewe alikuwa ameondoka na funguo za ghala kwenye pindo la kanga yake, kama kawaida yake.

"Mama Nakijwa! Habari za huku?" Kimya.

"Mke wangu, nimefuata funguo." Harage likalia koponi.

"Mama Nakijwa, nimekukosea nini?"

Kimya kile kile. Kajiru alitamani kumweleza, akaogopa kumpotezea mama hesabu, akaishia kuweka kidole mdomoni. Mzee wa watu akaketi juu ya jiwe, roho inamuuma. Tangu amwoe mke yule hajawahi kunyimwa salamu, tena mbele ya kijana!

Mwewe wa mwisho akapita. Mama akashusha darubini, macho yamemwiva kwa kukodoa.

"Nimekusalimu mpaka koo limekauka!" mumewe akamwambia.

"Nilikusikia, Baba Nakijwa, ila ningegeuka wange..."

Akakomea hapo hapo. Maneno yale alikwisha kuyasikia jana, kwenye kona ya njia, akayapita. Aibu ikamshika. Akamtazama Kajiru, na kijana, Mungu ambariki, hakucheka. Alikuwa anatazama viatu vyake.

"Marahaba, mwanangu," mama akasema taratibu. "Hiyo ni ya leo, na ya jana uliyoniitia njiani."

Kisha akafungua pindo la kanga, akamtupia mumewe funguo.

"Na wewe usininunie. Mhesabu mwewe hasalimiwi, hungojwa. Nenda ukawaambie wale wazee Jumamosi waje, na makande nitapika mwenyewe."

Wakaja, wakala, na Nakijwa akaolewa. Mzee Senkondo ndiye aliyelitembeza neno lile kijiji kizima, kila alipomkuta mtu amenuna kama nyinyi.

Basi inukeni. Rudini kwa fundi, mkae kwenye benchi lake, mtulie, mpaka mkasi utue mezani. Atawaitikia, na pengine atawauliza habari za hapa nyumbani. Mhesabu mwewe hasalimiwi, hungojwa.