Gunzi la Kindi

Hapo zamani, wanangu, zamani za kale hasa, wanyama walipokuwa na majembe, majiko na majirani wambeya, aliishi Kindi. Alijiona mjanja kuliko wote. Sasa sikilizeni ujanja wenyewe: mvua zilipoanza, wenzake walipanda mahindi. Yeye alikaanga mbegu akazitafuna, kru, kru, kru, mpaka kikapu kikabaki kitupu.

Mavuno yakafika. Kila uani kulinukia mahindi ya kuchoma. Shambani kwa Kindi kulikuwa na magugu tu.

"Watoto watakula nini?" mkewe alimuuliza.

"Akili yangu!"

"Basi leo tutalala njaa."

Maneno hayo yalimchoma. Kindi akaenda kuokota magunzi yaliyotupwa na majirani, akayarudisha ndani ya maganda, akayafunga vizuri, akajaza kikapu. Kisha akapanda juu ya kichuguu na kupuliza baragumu. Puuuu!

"Jamani! Wahenga wamenijia ndotoni! Mavuno mapya hayaliwi kila mtu kwake. Leteni vikapu, tupike pamoja, tule pamoja, tucheze ngoma. Ni sikukuu!"

"Sikukuu!" Nyati alishangilia. "Mbona hatukuwahi kufikiria?"

"Kwa sababu vichwa vyenu ni vikubwa na vitupu," Kindi alijisemea moyoni.

Vikapu vikaja, moto ukawaka, vyungu vikachemka, tok, tok, tok. Kindi alikuwa ameshameza mate mara saba pale Mzee Tembo, mkubwa wa kijiji, aliposimama.

"Ngojeni! Aliyetuletea sikukuu apewe heshima. Mahindi yake yamefungwa vizuri kuliko yetu sote. Ayamenye, ale wa kwanza, sisi tukimtazama!"

"Aa, mzee wangu, heshima hiyo ni kubwa mno kwangu..."

"Menya!"

Kindi akamenya la kwanza. Gunzi. La pili. Gunzi. Mkewe akajifunika uso kwa kanga.

Kindi aliona aibu mpaka mkia ukalala. Akalitazama gunzi, akajitazama mwenyewe, kicheko kikamponyoka.

"Jamani, mbegu nilizila! Kumbe mwenye kichwa kitupu ni mimi. Nichekeni, lakini watoto wangu wapeni chakula."

Kwa kwa kwa! Tembo alicheka mpaka akakaa chini, puu!

"Watoto wapakuliwe kwanza!" alisema huku akifuta machozi. "Na mbegu za mwaka ujao nitampa mkeo."

Tangu siku hiyo, kila mavuno, sikukuu haianzi mpaka Kindi amenye gunzi mbele ya wote. Wanacheka, halafu wanakula, na Kindi hushiba kuliko wote.

Basi wanangu, ujanja ukikuumbua, jicheke mapema na useme kweli, utapata pa kukaa penye chakula.