Jinsi Wakubwa Walivyogeuka Wazito

Zamani hizo, kabla mabega ya watu hayajaota sugu, watemi walitembea kwa miguu yao. Walikanyaga tope na kuchomwa miiba kama sisi, na mtu akimwita mtemi kwa jina lake, aliitika bila makuu.

Ikatokea Mtemi Kapalata akateguka mguu akikagua malisho. Wanaume wanne wakafunga machela, wakambeba hadi kwake. Ulikuwa wema, na wema ule, masikini, ndio uliotuponza. Mbele alishika Luhende, mkulima wa mtama. Desturi ya wachukuzi ilikuwa hii: mshika mbele peke yake ndiye mwenye haki ya kusema "Tua," na akisema, mzigo unashuka, uwe wa nani uwe wa nani.

Mguu ukapona. Watu walimwona Mtemi harusini akicheza ngoma mpaka vumbi likatimka. Kulipokucha akaketi tena machelani, akangoja. Wachukuzi wakamtazama Luhende. Naye alikuwa hoi. Mtama wake ulikuwa umeiva na ndege wameshaujua. Neno lilimfika kooni. Mtemi akamwambia taratibu, "Luhende mwanangu, bila wewe ningefika wapi?" Basi, akalimeza. Nani asiyependa kusifiwa? Akainama, akainua.

Alimbeba msimu mzima wa mavuno. Aliporudi shambani alikuta mabua matupu, na mkewe Kalunde ameketi kando ya kapu lisilo kitu.

"Baba Shija, kwani yule hana miguu?"

"Anayo."

"Sasa?"

Luhende akajisugua bega. Angesema nini? Kwamba neno moja lingeokoa chakula cha wanawe? Aliona aibu.

"Ni mzito tu, mama Shija. Mzito sana."

Kalunde akalipeleka neno hilo kisimani kwa hasira. Wanawake wakacheka, wakalinong'ona njiani, mpaka likamfikia Mtemi mwenyewe. Naye akalipenda! Akaamuru waimbaji walitie katika sifa zake. Mwaka ule watoto wa Luhende walikula mizizi, na ngoma ilipolia, wakatoka nao kumshangilia mzito.

Na tangu siku hiyo, wenye nguvu huitwa wazito, hata wawe wembamba kama fito. Mwomba kazi hulitamka kwa unyenyekevu, mwenye wivu kwa kijicho. Na aliyechoka hulitamka kama Luhende, chini chini, akiwa bado amebeba.