Maji Baridi kwa Ukoko

Wewe hapo, mara ya mwisho uliporudi kutoka safari ya mbali, uliwadanganya nini watu wako?

Usinitazame hivyo. Sijasema uliiba. Nauliza tu: wanaokupenda walipotaka kujua ulikuwa unafanya nini huko, ulijibu ulichofanya, au ulijibu kile walichotamani kusikia? Kaa na swali hilo. Mimi nisimulie.

Mama mmoja alikuwa na watoto wawili na mabeseni matatu. Watoto walikuwa Lugano, wa kiume, na Tusekile, mdogo wake. Mabeseni yalikuwa ya kuoshea vyombo nyuma ya kibanda chake cha chakula, karibu na soko la Mwanjelwa, Mbeya. La kwanza la sabuni, la pili la kusuuza, la tatu la maji ya moto. Baba yao alifariki Tusekile akiwa bado hajaanza shule, na tangu hapo kila daftari, kila kiatu na kila fomu ya chuo ilitoka kwenye mabeseni yale. Watoto hao walijua kuosha vyombo kabla hawajajua kusoma. Glasi kwanza, sahani zifuate, vya mafuta mwisho. Na sufuria ya ugali yenye ukoko usiithubutu kwa maji ya moto, maana ukoko utang'ang'ania. Iloweke kwa maji baridi, geukia kazi nyingine, ukirudi umejiachia wenyewe. Mama huyo hakufundishwa na mtu. Mikono yake ndiyo iliyomfundisha.

Lugano akafika chuo kikuu. Mwaka wa pili akapata nafasi katika ile mipango inayowapeleka wanafunzi ng'ambo wakati wa likizo ndefu: unafanya kazi miezi mitatu, unatembea kidogo, unarudi darasani. Chuoni wanaiita fursa. Sisi tuliosoma tunalipenda sana neno hilo, kwa sababu halisemi utashika nini mkononi. Kanisani wakamwombea. Fundi cherehani wa jirani akampunguzia suruali mbili. Akaenda.

Alichoshika mkononi kilikuwa sahani. Hoteli kubwa kando ya ziwa, jiko refu kama bweni la shule, na ukutani masinki matatu: la sabuni, la kusuuza, la maji ya moto. Lugano aliyatazama akaona amefanyiwa dhihaka. Amepanda ndege mbili kuja kukuta mabeseni ya mama yake yamegeuzwa kuwa ya chuma.

Siku ya nne mama akapiga simu, spika ameiwasha ili na majirani wasikie. "Baba, wamekuweka kitengo gani?" Nyuma ya sauti ile Lugano alisikia soko, kisha akasikia cherehani ya fundi inasimama ili fundi naye asikie vizuri.

"Mapokezi," akajibu.

Neno moja tu. Lakini neno la namna hiyo likishazaliwa linataka kulishwa. Likataka picha. Lugano akaazima koti la kijana wa mapokezi, akasimama nyuma ya kaunta kwa dakika mbili, akatabasamu, akapigwa picha. Mama akaichapisha kubwa, akaitundika kibandani, pembeni akaipachika maua ya plastiki. Tangu hapo wateja walikula ugali wakitazamwa na Bwana Mapokezi.

Sasa sikiliza ambalo halikuingia kwenye picha. Jikoni kule, kila asubuhi palikuwa na masufuria ya uji mzito ulioganda. Wenzake, wanafunzi kutoka nchi tano sita, waliyamwagia maji ya moto wakasugua mpaka viwiko vikauma. Lugano akaloweka yake kwa maji baridi, akaenda kuosha glasi, akarudi, ukoko ukatoka mzima kama ganda la ndizi. Mpishi mkuu, mwanamke asiyecheka ovyo, akawaita watu waje watazame. Kuanzia siku ile kila mgeni aliyeingia jikoni alifundishwa na Lugano. Msimu ulipoisha wakampa aproni iliyotariziwa jina lake. Wakati wa kumkabidhi, mpishi alimuuliza, "Nani alikufundisha?" Lugano akampa jibu. Jibu hilo liweke kando, tutalihitaji.

Akarudi nyumbani. Aproni akaificha chini kabisa ya sanduku. Jumapili familia ikasimama mbele ya kanisa kutoa shukrani, na mchungaji akataja mapokezi mara mbili. Ndipo uongo ukaanza kumpa raha, maana una raha zake, tusijifanye. Mama alimkataza kugusa vyombo. "Mikono ya mapokezi hiyo, iache." Lugano akakaa kwenye kiti cha plastiki akiutazama mgongo wa mama yake ulivyoinama. Wiki ya kwanza aliona aibu. Wiki ya tatu akaagiza chai.

Mwaka uliofuata Tusekile naye akapata nafasi. Barua iliingia kwenye simu yake Jumanne, na jibu lilitakiwa kabla ya Ijumaa saa kumi jioni. Nchi ile ile, hoteli nyingine. Kazi: kuosha vyombo.

Aliisoma mara tatu. Hakuogopa sufuria, amekulia kwenye sufuria. Kilichomchoma ni kwamba kaka yake alipewa mapokezi. Basi yeye wamemwonaje? Ni sura? Ni Kiingereza chake? Mbona alama zake za chuo zinampita Lugano? Mama naye akawaka, hasira ya mtu aliyeinama miaka kumi na tano ili mwanawe asiiname. "Mmoja wamwone anafaa kupokea wageni, mwingine wamwone ni wa masufuria? Wanatudharau hao. Kataa, mama, utapata pengine." Na pengine hapakuwepo. Nafasi ilikuwa hiyo moja, na mwaka wa kusafiri ulikuwa huo huo, maana uliofuata alikuwa anamaliza chuo.

Lugano alikuwepo, kwenye kiti chake. Akasema, "Si vibaya akifikiria vizuri." Huo ndio msaada alioutoa Jumatano. Alhamisi hakutoa hata huo.

Ijumaa saa tisa alasiri wateja wa mchana walikuwa wameshaondoka. Mama alikuwa kwenye mabeseni. Tusekile alikalia kreti la soda, simu mkononi, ameshaandika maneno ya kukataa, ya heshima, yenye shukrani nyingi. Macho yake yalikuwa mekundu. Fundi cherehani alikuja na kikombe chake kutaka chai, akaona afungue mdomo.

"Bwana Mapokezi, si umpigie yule bosi wako? Mwambie mdogo wako ana meno mazuri ya kupokelea wageni."

"Kunywa chai yako, fundi," mama akamwambia.

Lugano akaitazama picha ukutani. Yule kijana mwenye koti alikuwa anaendelea kutabasamu. Miezi yote hiyo alikuwa amemlisha, amemtunza, na leo hakuwa na neno hata moja la kumsaidia.

"Natuma," Tusekile akasema.

"Usitume kwanza."

Lugano akainuka. Akakunja mikono ya shati. Akaichukua sufuria kubwa ya ugali miguuni mwa mama yake, akaijaza maji baridi, akaiweka kando. Kisha akachuchumaa kwenye beseni la kwanza, akaanza na glasi. Mama alinyoosha mkono kumzuia, halafu akauacha hewani. Mikono ile ilikuwa inakwenda kasi mno, bila kugonga, bila kumwaga. Mapokezi hakuna anayejifunza kuosha hivyo.

"Nilikuwa naosha vyombo," Lugano akasema bila kuinua kichwa. "Miezi yote mitatu. Lile koti niliazima."

Fundi akainamia chai yake. Tusekile akamtazama kaka yake, akaitazama simu, akamtazama tena. Halafu akacheka, kicheko kikubwa cha mtu aliyetuliwa gunia.

"We Lugano! Siku tatu silali kwa ajili ya koti la watu! Masufuria tu? Masufuria mimi nakushinda tangu darasa la pili." Akafuta alichoandika, akaandika kwamba amekubali, akatuma kabla mtu hajampa ushauri mwingine. "Na unipe orodha. Viatu gani, glavu gani, wapishi wa huko wanakasirikia nini. Yote, leo leo."

"Kuna aproni," Lugano akasema. "Nitakupa."

Mama hakucheka, wala hakugomba. Alikaa akiitazama ile sufuria iliyolowekwa. Kisha akasogeza kigoda chake kidogo, upana wa mtu mmoja, na Lugano akakaa pale ubavuni mwake.

"Hao wenzetu," mama akauliza, kwa sauti ya fundi anayemuuliza fundi mwenzake, "ukoko wanautoa na maji gani?"

"Walikuwa wanatumia ya moto, mama. Mimi ndiye niliyewaonyesha ya baridi."

"Ya baridi!" Uso wa mama ukafunguka. Hakuwahi kutoka nje ya mkoa wake, na sasa kitu chake kilikuwa kimevuka bahari. "Wakasemaje?"

Lugano akaiachia glasi ikazama kwenye povu. Angeweza kunyamaza. Tusekile alikuwa ameshapona, mama alikuwa anafurahi, na hakuna mtu mwingine Mbeya nzima aliyejua.

"Mpishi mkuu aliniuliza nani alinifundisha," akasema. "Nikamwambia nimejifunzia chuoni. Sikukutaja, mama. Niliona aibu, nikakuficha."